UZI: Kupalizwa Mbinguni au Kulala kwa Mzazi-Mungu? Tuielewe sikukuu ya 15 Agosti, imani yake na namna ya kuiadhimisha

KatekistaWaKigango (#1)

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Kila Agosti ikikaribia maswali yanakuwa yale yale: Biblia inasema wapi? Maria alikufa au hakufa? Mbona Waorthodoksi wanaiita Kulala? Nimefungua uzi huu tuyaweke yote mahali pamoja, na nawaomba wanaoyajua mapokeo ya Mashariki waje wanisahihishe nikiteleza.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kimeturahisishia kazi kubwa. Yesu *alipaa*. Maria *alipalizwa*. Anayepaa anakwenda kwa uwezo wake mwenyewe. Anayepalizwa kuna aliyemwinua. Mtoto wa kipaimara akishika tofauti hiyo moja, nusu ya somo imekwisha. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "sikukuu ya Maria kupaa", msahihishe kwa upole, kwa sababu kosa hilo si la sarufi tu. Linambebesha Maria uwezo ambao ni wa Mwanae.

Sasa dogma, yaani fundisho la imani ambalo kila Mkatoliki analazimika kuliamini. Papa Pius XII aliitangaza tarehe 1 Novemba 1950, Sherehe ya Watakatifu Wote, kwa hati iitwayo *Munificentissimus Deus*. Hakukurupuka. Tarehe 1 Mei 1946 alikuwa amewaandikia maaskofu wa dunia nzima kuwauliza kama wao, mapadri wao na waamini wao wanaiamini na wanataka itangazwe. Majibu yalikuwa ya kukubali karibu kwa sauti moja. Kiini cha tangazo ni hiki: Mama wa Mungu asiye na doa, Maria Bikira daima, *alipomaliza mwendo wa maisha yake ya duniani*, alichukuliwa mwili na roho katika utukufu wa mbinguni.

Soma tena hayo maneno niliyoyalaza. Hayasemi "alipokufa", wala hayasemi "bila kufa". Yamechaguliwa kwa makusudi. Kinachomlazimu Mkatoliki kukiamini ni kwamba Maria yuko mbinguni mwili na roho. Swali la kifo limeachwa wazi. Hapo ndipo walimu wengi tunapokosea, tunawaambia watoto "Kanisa linafundisha Maria hakufa". Kanisa halijafundisha hivyo.

Kosa jingine darasani ni kuchanganya sikukuu hii na ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, 8 Desemba. Ile inahusu mwanzo wa uhai wake tumboni mwa mama yake. Hii inahusu mwisho wa safari yake duniani.

---

Msomaji_wa_Mashariki (#2)

Amani kwenu. Asante mwalimu, umeanza vizuri. Niongeze upande wetu.

Sisi tunaiita Kulala kwa Mzazi-Mungu, yaani Maria aliyemzaa Mungu. "Kulala" hapa ni kifo hasa, kwa lugha ile ile ya Paulo anaposema Kristo ni limbuko lao waliolala (1 Kor 15:20). Kwa Mwothodoksi hakuna mjadala: Maria alikufa kifo cha kweli kama kila mtoto wa Adamu, akazikwa Gethsemane, kisha Mwanae akamchukua. Mapokeo yanasema mtume mmoja alichelewa, wengi humtaja Tomaso, na kaburi lilipofunguliwa siku ya tatu ili naye aage, mwili haukuwemo.

Kwa hiyo msifikiri kwamba Wakatoliki wanaamini alichukuliwa na sisi tunaamini alilala tu. Wimbo wetu wa siku unasema katika kuzaa alihifadhi ubikira, na katika kulala hakuuacha ulimwengu, akahamia kwenye uzima yeye aliye Mama wa Uzima. Mwingine unasema kaburi na kifo havikuweza kumshika. Imani ni moja. Kanisa letu halikuifanya dogma ya kutangazwa. Inaimbwa, haikuwekewa hati. Tunachokataa kuhusu 1950 ni namna: Papa kutangaza peke yake bila Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Makanisa yote. Nasema hivi kwa heshima, lakini nasema wazi, kwa sababu kuficha tofauti hakumsaidii mtu.

---

Kagera_Kwetu (#3)

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, nauliza kwa nia njema. Habari za kaburi na Tomaso zinatoka kwenye vitabu visivyo vya Biblia. Na inajulikana kwamba ile orodha ya kale iitwayo Amri ya Gelasius, ya karne ya 6, inakitaja kitabu cha Kuhama kwa Maria miongoni mwa vitabu vya kukataliwa. Sasa mnawezaje kukataa kitabu halafu mkashika habari yake?

---

KatekistaWaKigango (#4)

Ndugu yangu, swali lako ni halali na ningependa kila mwanafunzi wangu aliulize.

Ni kweli kabisa: hakuna mstari wa Biblia unaosimulia mwisho wa Maria. Askofu Epifani wa Salamis aliandika katika karne ya 4 kwamba hakuna anayejua mwisho wake ulikuwaje, kama alikufa au la, kama alizikwa au la. Anayedai tukio hili limeandikwa wazi katika Maandiko anawadanganya watu, na anayebanwa kwa swali kama lako atabaki mdomo wazi.

Lakini kukataa kitabu si kukataa kila kilichomo. Vitabu vile vimejaa mapambo: mitume wanabebwa na mawingu, mtu anakatwa mikono na malaika. Kanisa halikujenga imani juu ya mapambo hayo. Pius XII alijenga juu ya nguzo nyingine: kilichoadhimishwa na kuhubiriwa kwa karne nyingi Mashariki na Magharibi, na ufungamano wa Maria na Mwanae katika Maandiko. Mwili uliomzaa Mshindi wa kifo haukuachwa uoze.

Kuna na hoja ya kimyakimya ambayo huwa inanigusa sana. Wakristo wa kale walitunza mifupa ya watakatifu kwa bidii kubwa. Miji iligombania masalia. Roma ilijivunia makaburi ya Petro na Paulo. Lakini mwili wa Maria? Hakuna mji uliowahi kujulikana kwa kuutunza. Wakristo walitunza vazi, mshipi, shela. Konstantinopoli ilikuwa na vazi lake katika kanisa la Blakerne. Mshipi uko katika monasteri ya Vatopedi, Mlima Athos, na Waorthodoksi wana kumbukumbu yake 31 Agosti. Nguo tu. Hii si hati ya ushahidi, lakini ni ukimya wenye uzito.

---

Msomaji_wa_Mashariki (#5)

Niongeze kidogo historia ya tarehe, maana wengi hudhani ilibuniwa 1950. Kalenda ya zamani ya Yerusalemu ya karne ya 5 tayari ina siku ya Maria tarehe 15 Agosti, ikiadhimishwa mahali kati ya Yerusalemu na Bethlehemu. Wakati huo ilihusu umama wake. Baadaye siku hiyo hiyo ikahusishwa na Kulala kwake, na adhimisho likahamia kanisa la kaburi lake Gethsemane. Kaisari Mauriki, aliyetawala 582 hadi 602, akaagiza iadhimishwe tarehe hiyo katika himaya yote. Roma nako, Papa Sergius I (687–701) aliiwekea maandamano, na wakati huo hata Magharibi walikuwa wakiiita Kulala. Jina la Kupalizwa lilikuja baadaye.

Yohane wa Damasko, karne ya 8, ametuachia mahubiri matatu ya sikukuu hii. Anayetaka kuona Kanisa lilivyokuwa likisema kabla ya utengano wa Mashariki na Magharibi wa 1054 aanzie hapo.

---

Sakristia_Kwanza (#6)

Mimi nakuja na upande wa vitendo kwa parokia za Kikatoliki, maana kila mwaka makosa ni yale yale.

Kwanza, ni SHEREHE, yaani daraja la juu kuliko sikukuu ya kawaida. Kwa hiyo: mavazi meupe, Utukufu, masomo mawili kabla ya Injili, Nasadiki, na Utangulizi wake maalumu. Kosa linalojirudia: 15 Agosti ikiangukia katikati ya wiki, msomaji anaandaa somo moja kama Misa za kila siku. Hapana. Wasomaji wawili wapangwe mapema, na mwimba zaburi.

Pili, Misa ya mkesha jioni ya tarehe 14 ina masomo YAKE. Si yale ya mchana yaliyovutwa nyuma.

Mkesha: 1 Mambo ya Nyakati 15:3-4, 15-16 na 16:1-2, Zaburi 132, 1 Kor 15:54-57, Luka 11:27-28.

Siku yenyewe: Ufunuo 11:19a na 12:1-6a, 10ab, Zaburi 45, 1 Kor 15:20-27, Luka 1:39-56.

Injili ya mkesha ni mistari miwili tu. Msimamizi wa masomo akiona ni fupi hudhani kitabu kimekosewa, anafungua ya siku inayofuata. Haijakosewa. Weka utepe mapema na umwonyeshe padri kabla ya maandamano ya kuingia.

Tatu, kalenda. Mwaka 2026 tarehe 15 ni Jumamosi, 2027 ni Dominika. Ikiwa Dominika, masomo ya Dominika ya kawaida yanaachwa, ya Kupalizwa yanachukua nafasi. Ikiwa Jumamosi, Masifu ya Jioni siku hiyo ni ya Kupalizwa, si ya Dominika. Kuhusu Misa ya Jumamosi jioni fuateni kalenda ya jimbo lenu. Na pale ambapo siku hii ni ya amri, yaani waamini wanalazimika kushiriki Misa, Misa moja hailipi madeni mawili: ya sherehe ni yake, ya Dominika ni yake. Kanuni ya 1246 ya Sheria za Kanisa inaitaja kati ya siku kumi za amri, ila Baraza la Maaskofu la nchi linaweza kuiondoa au kuihamishia Dominika, kwa hiyo sikilizeni tangazo la parokia, msinakili la nchi nyingine.

Nne, ikiangukia Ijumaa, kama itakavyokuwa 2031, hakuna wajibu wa kuacha nyama, kwa sababu ni sherehe.

---

DadaVero (#7)

Asante sana kaka Sakristia. Naomba kuelewa: kwa nini mkesha unasomwa habari za Sanduku la Agano? Sikukuu ya Mama, sanduku linaingiaje?

---

KatekistaWaKigango (#8)

Dada Vero, hapo umegusa moyo wa siku yote.

Ndani ya Sanduku mlikuwa na nini? Mbao za Amri, chombo cha mana, fimbo ya Haruni. Neno, mkate, ukuhani. Sasa tazama tumbo la Maria limebeba nani. Mababa wa Kanisa waliona hivyo, wakamwita Sanduku la Agano Jipya.

Kisha fungua 2 Samweli 6 na Luka 1, uziweke sambamba mezani. Daudi *anaondoka* kwenda nchi ya Yuda kuleta Sanduku. Maria *anaondoka* kwenda milimani, mji wa Yuda. Daudi anauliza, "Litanijiaje sanduku la Bwana?" Elisabeti anauliza imekuwaje mama wa Bwana wake amjie. Daudi anarukaruka mbele ya Sanduku. Mtoto anaruka tumboni. Sanduku linakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-Edomu. Maria anakaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu. Waonyesheni watoto kwa kidole, mstari kwa mstari. Hawasahau.

Ndiyo maana mkesha unasoma Daudi akipandisha Sanduku Yerusalemu, na Zaburi 132 inaitikia: inuka, Ee Bwana, wewe na sanduku la nguvu zako. Asubuhi yake somo la kwanza linaanza na mbingu kufunguliwa na Sanduku kuonekana ndani ya hekalu, na mara mwanamke aliyevikwa jua. Sanduku limefika juu. Anayesoma Ufunuo 12 akaanzia kwa mwanamke, akaruka 11:19, amekata uzi unaounganisha siku mbili. Mistari hiyo isomwe pamoja.

---

Kagera_Kwetu (#9)

Mwalimu, ulinganisho wa Luka na Samweli ni mzuri, naukubali. Nitaendelea kusema kwamba kutoka hapo hadi mwili kuchukuliwa ni hatua ambayo Maandiko hayaichukui, na kwetu lisilo katika Maandiko halifungi dhamiri. Lakini 1 Kor 15 hiyo mnayoisoma ndiyo tumaini letu pia: kila mmoja kwa zamu yake, limbuko ni Kristo, kisha walio wake atakapokuja.

---

KatekistaWaKigango (#10)

Na hiyo "zamu" ndiyo tunayoifafanua tofauti, ndugu yangu. Sisi tunasema Maria ametangulizwa katika ahadi ambayo ni ya wote, wala hakupewa ahadi nyingine. Henoko (Mwa 5:24) na Eliya (2 Fal 2:11) wanaonyesha kwamba Mungu kumtwaa mtu si jambo geni katika Maandiko, ingawa hawathibitishi habari ya Maria. Asante kwa kusema tofauti yako waziwazi.

---

Mama_Jiko (#11)

Shikamoo walimu. Naomba maelezo ya mfungo wa Waorthodoksi. Nina jirani, tunapikiana, sitaki kumpelekea kitu asichokula.

---

Msomaji_wa_Mashariki (#12)

Marahaba mama. Umefanya vema kuuliza.

Mfungo ni siku 14, tarehe 1 hadi 14 Agosti. Haviliwi: nyama ya aina yoyote, kuku, mayai, maziwa na vyote vitokavyo kwenye maziwa, samaki. Jumatatu hadi Ijumaa, kwa anayefunga kikamilifu, hakuna mafuta wala divai. Jumamosi na Jumapili mafuta na divai vinaruhusiwa. Tarehe 6 Agosti ni Kugeuka Sura kwa Bwana, siku hiyo samaki analiwa hata ikiwa katikati ya wiki.

Kwa jiko lako: makande ya kuchemsha yenye kitunguu na nyanya, maharage, ndizi za kupika, mihogo, viazi vitamu, mboga za majani zilizoungwa kwa karanga za kusaga. Uji usiotiwa maziwa. Kwa watu wa Pwani, pweza, ngisi na kamba si sehemu ya katazo la samaki katika desturi ya Kigiriki, kwa kuwa wanahesabiwa ni viumbe wasio na damu.

Kinachoharibu ni vitu vilivyojificha: maandazi yaliyokandwa kwa maziwa au yai, mkate wa dukani wenye siagi, chapati ya samli, siagi ya mimea ambayo ukisoma pakiti unakuta ina unga wa maziwa. Soma pakiti. Wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo hawafungi kwa ukali huu. Wanaongea na padri wao. Basi jirani akikwambia anakula samaki, usimhukumu.

Tarehe 15 mfungo umeisha, isipokuwa ikiangukia Jumatano au Ijumaa, ambazo kwetu ni siku za mfungo kila wiki. Hapo analiwa samaki, si nyama. Mwaka 2029 itakuwa Jumatano. Linganisheni na alichosema ndugu Sakristia kuhusu Ijumaa.

Na mfungo wa tumbo hauendi peke yake. Jioni kuna ibada ya Paraklisi, kanuni ya maombi kwa Mzazi-Mungu. Ziko mbili, Ndogo na Kubwa, na hupokezana. Haziimbwi Jumamosi jioni wala jioni ya 5 Agosti. Injili yake ni Luka 1:39-49 na 56. Unaandika majina ya walio hai kwenye karatasi, padri anawaombea. Andika jina la ubatizo, kwa herufi zinazosomeka. Majina ya marehemu hayaendi hapo, yana ibada yake.

---

DadaVero (#13)

Na tarehe je? Kuna picha za Yerusalemu huonekana mwishoni mwa Agosti.

---

Msomaji_wa_Mashariki (#14)

Ni ile ile 15 Agosti, kwa kalenda ya Juliani ambayo iko nyuma siku 13. Kwa hiyo Yerusalemu, Urusi, Serbia na Mlima Athos wanaadhimisha siku ambayo kwetu ni 28 Agosti. Wagiriki, pamoja na Kanisa la Aleksandria ambalo Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wako chini yake, tunafuata kalenda mpya, siku moja na Wakatoliki. Wakopti na Waethiopia ni Makanisa mengine ya Mashariki: wao sikukuu ya kuchukuliwa kwa mwili wake ni 22 Agosti, na Waethiopia hutanguliza mfungo uitwao Filseta.

Nisiondoke bila kuwaeleza ikona, yaani picha takatifu ya siku hii, kwa sababu imani yetu yote ya siku hii imechorwa pale. Maria amelazwa kitandani, macho yamefumba, mikono imekunjwa kifuani. Mitume wamemzunguka, Petro mara nyingi yuko kichwani na chetezo, Paulo ameinama miguuni. Mstari wa kitanda unakata picha kwa mlalo. Katikati, nyuma ya kitanda, amesimama Kristo wima ndani ya duara la utukufu, na mikononi ameshika kitoto kichanga kilichoviringishwa nguo nyeupe. Kitoto hicho ni roho ya Maria.

Sasa kumbuka ikona ya kawaida ya Mama na Mtoto. Pale yeye ndiye aliyempakata. Hapa Mwana anampakata mama yake.

Msimamishe mtoto mbele ya ikona hizo mbili zikiwa bega kwa bega, umuulize nani amembeba nani. Usimwambie jibu.

---

Sakristia_Kwanza (#15)

Nimejifunza, kaka. Swali moja: kwa kuwa kwenu kifo ni hakika, je, kuna mazishi yanayoigizwa kanisani?

---

Msomaji_wa_Mashariki (#16)

Yapo, hasa Yerusalemu, na parokia nyingi sasa zimeyapokea. Kuna kitambaa kilichotariziwa sura ya Mzazi-Mungu amelala, kinawekwa juu ya kitanda kilichopambwa maua, zinaimbwa tenzi za maombolezo kwa mafungu matatu kwa mtindo wa zile za Ijumaa Kuu, kisha maandamano. Ila rangi ya siku si ya majonzi, na ibada haiishii kwenye kilio. Parokia inayoanza kuiga hili iangalie hapo: wakiimba kwa huzuni ya Ijumaa Kuu mpaka mwisho, wamekosea sikukuu.

---

KatekistaWaKigango (#17)

Hilo la kifo niliongezee upande wetu, maana niliacha pengo. Papa Yohane Paulo II katika katekesi ya 25 Juni 1997 alisema kwamba, ikiwa Kristo mwenyewe alikufa, ni vigumu kushikilia kinyume chake kwa Mama yake. Hakuligeuza kuwa dogma. Lakini katekista Mkatoliki anayefundisha kwamba Maria alishiriki kifo cha Mwanae kisha akatukuzwa yuko mahali salama, na yuko karibu sana na ndugu zetu wa Mashariki.

---

Mama_Jiko (#18)

Asanteni walimu. Mwisho: nina ndugu Bujumbura, huniambia siku hiyo hawaendi kazini. Ni kweli?

---

Sakristia_Kwanza (#19)

Ni kweli mama. Burundi na Rwanda 15 Agosti ni siku ya mapumziko kitaifa, na Rwanda mahujaji wengi hukusanyika Kibeho. Tanzania na Kenya si sikukuu ya serikali, kwa hiyo parokia za mijini zipange Misa ya alfajiri au ya jioni baada ya kazi, na ratiba itangazwe Dominika mbili kabla, si siku moja. Usisahau vilevile 22 Agosti, kumbukumbu ya Bikira Maria Malkia, siku ya nane ukihesabu na ile ya Kupalizwa. Maua ya altare yakitunzwa vizuri, maji yakibadilishwa kila siku na vikonyo vikikatwa upya, mengine yanafika mpaka hapo.